Jua la Kwetu Linatoka Majini

Wamama wenzangu, karibu kila mteja anayeingia katika atelye yangu ya ushonaji huku Nyakasanza ananiuliza swali lile lile kabla hata ya kutoa kitenge chake mfukoni: "Mama, ile meli ni ya wapi?" Akigeuza kichwa anaona tablo ya pili, iliyo ndogo zaidi, juu ya cherehani, naye anauliza tena: "Na hili si ziwa letu?" Siku zote nimejibu kwa kifupi, kwa sababu nguo za watu zinangoja. Juzi kwenye likelemba mmoja wenu akasema niandike habari yote hapa ili nisiulizwe tena. Nimekubali, ingawa najua nitaulizwa tu.

Habari inaanza na macho ya mama yangu.

Mama yangu alizaliwa kando ya Ziwa Albert, upande wa Tchomia, chini ya milima ile tunayoiita Monts Bleus. Sisi watoto wake tulikulia huko huko, kwenye harufu ya samaki wa chumvi na moshi wa kuni zenye unyevu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita ilipowaka Djugu, maelfu ya watu walipanda mitumbwi wakavuka kwenda Uganda. Sisi tulipanda mlima. Tulifika Bunia sehemu kwa miguu na sehemu nyuma ya lori, mimi nikiwa na mtoto mgongoni, mama akiwa na sufuria moja na kikapu. Simu iliyokuwa na picha zetu ilianguka njiani, au ilibaki nyumbani, sijui. Hatuna hata picha moja ya nyumba, wala ya ziwa, wala ya marehemu baba amesimama ndani ya mtumbwi wake.

Miaka ilipopita mama akaanza kujigonga kwenye milango. Chai anamimina nje ya kikombe. Mtu akimjia kwa pembeni anashtuka. Tulisema ni uzee. Tulipompeleka kupimwa, tukaambiwa ni presha ya macho, ile ambayo waganga wanaiita glokome. Haiumi, ndiyo maana inakuta watu wamelala. Inakula pembeni kwanza, inasogea katikati polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ya dawa yanalinda kile kilichobaki tu, na lazima yatiwe kila siku bila kuruka. Tuliambiwa pia kwamba sisi watoto tupimwe, maana ugonjwa huo unatembea katika ukoo. (Kaka yangu mkubwa mpaka leo hajaenda. Akisoma hapa, aende.)

Leo mama anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kile kilicho katikati anakiona, kingine ni giza. Na kila jioni, akikaa mlangoni, alikuwa ananiuliza: "Mwanangu, ziwa bado liko vile vile?" Kana kwamba mimi ndiyo natoka huko. Kutoka Bunia kupita Bogoro mpaka Kasenyi ni kilometa hamsini na kitu tu, lakini siku nyingine barabara inapitika, siku nyingine haipitiki, na mgongo wa mama hauwezi tena pikipiki. Nikajua hataliona tena. Nikaanza kufikiri namna ya kumletea ziwa nyumbani, kabla bomba lile halijaziba.

Mwaka juzi nilikuwa natafuta mtu wa kuniandikia kibao cha atelye. Nikaelekezwa kwa papa mmoja mzee, mchoraji wa vibao vya saluni na vya butiki. Nilipofika kwake nikakuta ukutani sura za watu zilizochorwa kwa rangi ya mafuta, mtu ungemsalimu. Kumbe katika ujana wake alisoma Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, ile shule iliyoanzishwa na Frère Marc-Stanislas mwaka 1943 kule Gombe-Matadi kabla ya kuhamia Kinshasa. Amechora vibao miaka yote kwa sababu vibao ndivyo vinavyolipa. Tukakubaliana: mimi nimshonee suruali mbili na shati moja, yeye aniandikie kibao na anifundishe kuchora Jumamosi mchana.

Siku ya kwanza nikamwambia, "Papa Mwalimu, nataka kuchora Ziwa Albert." Akakataa. "Mama, wewe unashona. Mtoto akija kujifunza kwako, unampa kitenge cha mteja akate siku ya kwanza?" Nikasema hapana, nampa nguo ya zamani aifumue, aone ilivyoshonwa. "Basi," akasema, "na wewe utafumua kwanza tablo ya mtu mwingine."

Akatoa karatasi iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, kingo zimeliwa na mende. Ndiyo ile meli.

Tablo hiyo ilichorwa na Mwingereza aitwaye Turner, akaionyesha kwa watu mara ya kwanza mwaka 1839. Iko London, katika National Gallery, na upana wake ni kama mita moja na sentimita 20. Inaonyesha meli kubwa ya zamani ya vita, Temeraire, iliyokuwa na mizinga 98 na iliyopigana kwenye vita ya Trafalgar mwaka 1805. Mwaka 1838 ilikuwa imezeeka, ikauzwa, ikavutwa kwenye mto Thames kwenda kuvunjwavunjwa mbao zake. Katika tablo, meli hiyo ni nyeupe, karibu kama mzimu, nayo inavutwa na mashua ndogo nyeusi ya moshi. Upande wa kulia jua linazama na mbingu yote inawaka. Turner hakukubali kuiuza maisha yake yote. Alipokufa mwaka 1851 aliiachia nchi yake. Siku hizi hata noti ya Uingereza ya pauni 20, iliyotoka mwaka 2020, ina sura yake na meli hiyo nyuma yake. Ndugu yangu aliye kule alinitumia picha ya noti, maana noti yenyewe alisema ina kazi.

Na jambo moja nililisikia kwa mwalimu likanikaa moyoni: Turner alikuwa mtoto wa kinyozi, na mama yake aliugua akili, akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa mwaka 1804. Mwanawe alikuwa hajafika miaka 30. Sijui kwa nini nawaambia. Labda kwa sababu kila nilipoitazama ile meli inayovutwa, nilimwona mama yangu anashikwa mkono kuvushwa barabara.

Sasa vifaa, maana najua ndipo mnaposubiri.

Bunia hakuna duka la rangi za wachoraji. Rangi za mafuta zinakuja katika vichupa laini kama vya dawa ya meno, nami niliziagiza kwa mama mmoja anayekwenda kununua bidhaa Kampala. Ilikuwa zamu yangu ya likelemba. Nilitoa kwanza pesa ya matone ya mama na minervali ya binti yangu (msingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini yeye yuko sekondari), na kilichobaki, ambacho kilipaswa kuwa cha cherehani ya pili, nikakigawa. Nilinunua rangi sita: nyeupe mbili, njano, nyekundu, bluu, na kahawia ya udongo uliochomwa. Nyeusi hapana. Mwalimu alinikataza nyeusi, alisema mtu anayejifunza akipewa nyeusi anaipaka kila mahali kama masizi. Kaka yangu aliposikia habari ya pesa hakunisemesha siku nne.

Turubai tulitengeneza wenyewe. Seremala alipiga fremu ya mbao, nami nikavutia kitambaa cha amerikani juu yake kwa misumari midogo, nikianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, kama vile tunavyovuta ngozi ya ngoma. Kisha gundi ya mbao iliyolainishwa kwa maji, mara mbili. Kisha rangi nyeupe ya maji, ile ya kupaka ukuta, mara tatu, na kusugua kwa msasa kila inapokauka. Kazi hii si urembo. Mafuta ya rangi yakigusa kitambaa kitupu, kitambaa kinaoza polepole. Mtu asiye na amerikani anaweza kutumia mfuko wa unga uliofuliwa vizuri. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichorea kwenye mifuko ya unga katika miaka ya 1970, akasimulia historia ya nchi yetu yote kwa picha mia na kitu, na akizieleza alizieleza kwa Kiswahili. Leo wasomi wanaziandikia vitabu.

Turubai ikiwa tayari, nikagawanya picha ya kalenda kwa miraba ya penseli na turubai vile vile, nikahamisha mistari mraba kwa mraba. Hii kwa mshonaji ni rahisi, ni kama kukuza kipimo cha nguo ya mtoto kiwe cha mtu mzima. Ugumu ulianza na rangi.

Rangi ya mafuta si kama rangi ya maji. Maji yanakauka kwa kuruka hewani. Mafuta haya yanatoka katika mbegu za kitani, mmea ule ule ambao nyuzi zake zinafumwa kuwa kitambaa, nayo hayaruki. Yanakunywa hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu, na hiyo inachukua siku, wakati mwingine majuma. Kwa hiyo kuna sheria: mpako wa kwanza uwe mwembamba, uliopunguzwa kwa terebentini, na kila mpako unaofuata uwe na mafuta zaidi kidogo. Nyembamba chini, nono juu. Ukigeuza, cha juu kitakauka kabla ya cha chini, na tablo itapasuka kama kisigino cha kiangazi.

Mpako wa kwanza nilifanya kwa kahawia peke yake, hakuna rangi nyingine, ili kujua giza liko wapi na mwanga uko wapi. Ikaonekana kama picha iliyochorwa kwa chai. Nilifurahi sana, nikadhani tumemaliza nusu.

Jumamosi iliyofuata niliharibu mbingu. Katika tablo ya Turner kuna mahali njano ya jua inakutana na bluu ya juu, na kati yao hakuna mpaka. Mimi nikaweka njano, nikaweka bluu, nikazisugua pamoja zikiwa mbichi. Mnajua kilichotokea. Mbingu ya kijani, kama sombe. Nikaongeza nyekundu ili kurekebisha, ikawa tope la Nyamukau baada ya mvua. Nilitaka kulia. Mwalimu akachukua kisu, akakwangua yote, akafuta kwa kitambaa, akasema: "Sasa ngoja siku sita."

"Siku sita za nini?"

"Za kungoja, Mama."

Hapa ndipo nilipotaka kuacha. Macho ya mama yalikuwa hayangoji siku sita. Asubuhi moja wiki hiyo alivaa kiatu cha mjukuu wake akidhani ni chake. Nami naambiwa niketi nitazame rangi ikauka.

Lakini ile siku ya saba nilijifunza kitu ambacho kingenichukua miaka kukipata peke yangu. Mpako wa chini ulikuwa umekauka, wenye njano hafifu iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Mwalimu akachukua bluu kidogo mno, akaiyeyusha katika mafuta mpaka ikawa kama maji ya kufulia kitambaa chenye rangi, akapitisha juu. Njano haikugeuka kijani cha sombe. Iliendelea kung'aa kwa chini, na bluu ikakaa juu yake kama kitambaa cha neti juu ya satini. Alikiita "glasi". Nikadhani anaongea habari ya barafu, nikamuuliza barafu inaingiaje katika mambo haya. Alicheka mpaka akakohoa. Glasi ni neno la Kifaransa la mpako mwembamba unaopitisha mwanga. Wote mliowahi kushona gauni la harusi mnalijua jambo hili bila kulijua. Rangi ya satini unaiona kupitia neti, na jicho ndilo linalochanganya.

Kwa ukungu kuna njia ya pili, ambayo ni kinyume chake. Unachukua nyeupe iliyo kavu kidogo kwenye pinso ngumu, unaifuta karibu yote kwenye kitambaa, ndipo unasugua kidogo juu ya sehemu iliyokwisha kukauka. Rangi inashika hapa, inaruka pale. Hapo ndipo mto na mbingu vinapoungana na huoni mstari. Kisha unapitisha pinso laini, kavu, bila rangi, kama unafuta vumbi kwenye shavu la mtoto. Mimi sikuwa na pinso laini, nikachukua ile ya bwana yangu ya kunyolea ndevu. Alikuja kujua baadaye, kwa sababu povu lake lilitoka na rangi ya waridi.

Meli yenyewe ilinisumbua kwa namna nyingine. Nilikuwa naichora kwa mistari, kama mtu anayechora kibao. Mwalimu akawa anaifuta. Meli ya Turner haina mstari wa nje. Ni nyeupe na njano hafifu juu ya ukungu ulio karibu na rangi hiyo hiyo, na jicho lenyewe linaitafuta. Nguvu yote ya giza ameipa mashua ndogo ya moshi iliyo mbele. Na jua ameliweka kwa rangi nzito, nzito kabisa, ukipitisha kidole unasikia vilima. Kila mahali pengine ni pembamba, kwa hiyo jua linatoka mbele kabla ya vyote.

Sasa nije kwenye jambo la usiku ule, ambalo peke yake lingetosha kuandikwa hapa.

Nilikuwa nafuta pinso na vidole kwa vipande vya vitambaa, navyo katika atelye ya mshonaji havikosekani. Nikimaliza navisokota na kuvitupa katika beseni la plastiki chini ya meza, karibu na ukuta ambao upande wa pili wake tunaweka mbabula ya makala. Usiku mmoja bwana yangu akaniamsha: "Kuna kitu kinaungua." Tukatazama mbabula: makala yamekwisha kuzimwa. Taa: imezimwa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye beseni. Hakuna kiberiti, hakuna mshumaa, hakuna aliyeingia, na vitambaa vinatoa moshi vyenyewe, plastiki imeanza kuyeyuka. Mtoto wetu mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka hatua tatu kutoka hapo. Bwana yangu alilibeba beseni mpaka nje, na lilipopata hewa likawaka moto hapo hapo mikononi mwake. Kovu bado liko.

Jirani mmoja alisema ni uchawi. Si uchawi. Yale mafuta ya kitani yanapokunywa hewa yanatoa joto. Yakiwa yametandazwa kwenye turubai joto linakwenda zake. Yakiwa kwenye vitambaa vilivyokunjamana na kurundikana, joto halina njia ya kutoka, linakusanyika ndani mpaka kitambaa kinawaka chenyewe. Wanaopaka milango na vitanda kwa mafuta haya wana hatari ile ile. Wamama, mwenye bwana au mtoto seremala amwambie leo. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kinatandazwa nje, kimoja kimoja, mpaka kikakamae, au kinatiwa ndani ya kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Na terebentini haikai kamwe kwenye chupa ya Fanta. Mtoto anayeona chupa ya Fanta anaona Fanta. Akinywa, usimtapishe, maana ikirudi inaingia mapafuni, mkimbize hospitali. Na aliye na mtoto wa kunyonya anawe mikono vizuri na kuchorea mahali penye hewa. Nyeupe ya zamani, ile ya akina Turner, ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Siku hizi nyingi hazina, lakini soma kichupa kabla.

Mwalimu alipopata habari aliona haya sana. Alisahau kunionya, kwa sababu yeye huchorea uani. Mimi nilifungia kila kitu majuma mawili. Kaka yangu akavunja kimya chake kwa kusema kwamba nitachoma watoto kwa ajili ya meli ya Wazungu. Sikuwa na jibu. Aliyenirudisha ni mama. Aliuliza, "Ile harufu imekwenda wapi?" Nikamwambia nimeacha. Akasema, "Niletee nione ulipofika."

Hakuwa ameiona. Nilitaka kumwonyesha ziwa kwanza. Nikaiweka mlangoni kwenye mwanga wa saa kumi, naye akaanza kuitazama kipande kwa kipande kupitia bomba lake, akisogeza kichwa polepole kama mtu anayesoma barua. Alipofika kwenye meli alisimama. Akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba akiwa msichana mdogo alizoea kuona meli za moshi zikitoka Butiaba upande wa Uganda kuja Kasenyi, na watoto walikimbia ufukweni kuzipigia makofi. Kubwa kuliko zote ilikuwa Robert Coryndon. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 1960 ikazama nusu pale Butiaba, na mabaki yake yakakaa hapo miaka mingi. "Na hii wanaipeleka wapi?" akauliza. Nikamwambia: kuvunjwa. Akanyamaza.

Kisha akafika kwenye jua. Akalitazama muda mrefu.

"Mwanangu, hapa umekosea."

"Wapi, Mama?"

"Jua linazamaje majini? Kwetu jua linatoka majini. Likizama linazama nyuma yetu, milimani."

Na ni kweli. Sisi tuko ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Asubuhi jua linapanda kutoka Uganda, juu ya maji, na saa kumi na moja jioni milima imekwisha kututia kivuli. Nilikuwa nimetazama machweo yale juma baada ya juma, nikiyaandaa kuwa machweo ya ziwa letu, na ziwa letu halina machweo.

Nilimpelekea mwalimu maneno hayo nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema hata Turner alilihamisha jua. Meli ilikuwa inavutwa kuelekea magharibi, kwa hiyo jua la jioni lilipaswa kuwa mbele yake, si nyuma. Na milingoti ile mirefu ya kwenye tablo ilikuwa imekwisha kung'olewa meli ilipouzwa, na mashua za kuvuta zilikuwa mbili, si moja. Aliirudishia meli milingoti yake. Nikauliza, basi ni mwongo? Mwalimu akasema, "Wewe ungemchora baba yako akiwa mgonjwa?"

Ziwa nililianza Jumatatu hiyo hiyo, kwenye turubai ndogo ya sentimita 40 kwa 30, kwa sababu kitu kidogo mama anaweza kukiona chote mara moja akikishika mbali kidogo. Safari hii sikuwa na kalenda. Nilikuwa na mdomo wa mama. Aliniambia mstari wa Uganda unaonekana asubuhi kavu tu, ni bluu, tena bluu nyepesi kuliko maji. Aliniambia taa za wavuvi zinazimwa moja moja wanapokaribia. Aliniambia mtumbwi wa baba niuweke kushoto, maana alipenda kurudi kwa upande ule. Mimi nikaweka kahawia, nikangoja. Njano na nyeupe, nikangoja. Ilikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi, rangi zilikauka upesi kidogo. Bluu nyembamba kwa glasi. Ukungu kwa pinso kavu. Mtumbwi bila mstari wa nje. Na jua mwishoni, zito, kwa kisu.

Nilipomwekea mikononi sikumwonya. Rangi nzito inakauka ngozi tu juu, ndani inabaki laini kwa miezi. Mama alilitafuta jua kwa jicho, akalipata, halafu akafanya kile anachofanya siku hizi kwa kila kitu ili kuwa na hakika: akalishika. Kidole gumba chake kikazama humo.

Mwalimu alisema anaweza kulisawazisha kwa dakika mbili. Nimemwambia aache.

Kwa hiyo wanaouliza bei: ile ya meli inauzwa, tutaongea. Hii ndogo hapana. Na mama anayetaka kujaribu aje Jumamosi saa nane, mlango uko wazi. Alete kipande cha amerikani, na kopo la chuma lenye kifuniko.